Mpira Niliopaka Chokaa

Jumamosi, 14 Julai 2007. Asubuhi ukungu na baridi, mchana upepo na vumbi jekundu.

Leo nimeona aibu mpaka nimekatiza mashamba ya watu ili nisipite sokoni, na hata sasa sijui kama nilifanya ubaya au ujinga tu (Mama Dani, mke wangu, anasema vyote viwili, na kusema haki hajakosea sana).

Mama Ingrid, mgeni mtafiti aliyepanga kwetu, ana kamera na laptopu yenye programu inayotafuta kwenye picha kitu cheupe cha mviringo, inakizungushia duara la kijani na kukifuata popote. Kikivuka mstari wa goli inalia pii. Leo ilikuwa fainali ya mpira, kijiji chetu Ganako na vijana wa mjini, zawadi beberu, na kwa kuwa mwaka jana walikunjana mashati kwa goli la ubishi, niliwashawishi manahodha wote wawili tufuate kompyuta. Wa mjini alisita, maana kipa wa Ganako, Paskali, ni mdogo wake Mama Dani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kompyuta haina shemeji." (Nilijisikia msomi, nakiri.)

Shida ni vumbi letu. Dakika tano tu mpira unakuwa rangi ya uwanja, kompyuta haiuoni. Mama Ingrid alisema bora tuache (naandika hili kwa haki yake), lakini mimi nikachukua chokaa iliyobaki tulipopaka jiko, nikaupaka mpira mara mbili, na kwa baridi ile haukukauka.

Basi aliyeupiga kichwa akabaki na paji jeupe, aliyeutuliza kifuani akabaki na sahani nyeupe kifuani, na duara likawa linaruka kama kiroboto, mara kwenye mpira, mara kwa mtu. Nikafikiri litazoea. Zikiwa zimebaki dakika chache, bila bila, mtu wa mjini akaachia shuti, Paskali akaliokoa kwa uso, mpira ukapaa juu ya mwamba ukaangukia kwenye mahindi, yeye akaanguka chali ndani ya nyavu, paji jeupe pe. Duara likamfuata. Pii!

"Goliii!" wakapaza sauti vijana wa mjini.

"Goli gani? Mpira uko kwenye mahindi!" Paskali alifoka kutoka wavuni.

Nikasimama. "Jamani, nimeuona kwa macho yangu, umetoka nje."

Nahodha wa mjini akacheka. "Baba Dani, kompyuta haina shemeji. Wewe unaye!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Refa akaniuliza, "Mlikubaliana kufuata kompyuta, hamkukubaliana?"

Ningesema hapana, ningekuwa mwongo. Nikasema tulikubaliana, na goli la uongo likawa la kweli, beberu akaenda mjini.

Sitaapa tena kwa niaba ya kitu nisichojua kinaona nini.

Jioni tumekula makande. Paskali alikuja, chokaa bado usoni, hakunisalimia, akala sahani mbili, kisha akasema, "Dada, mwambie huyo mumeo anisogezee chumvi." Nikaisogeza.