Chumba Kilichorefuka

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Wateja humwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo lake halifumuki. Habari ya mumewe kuondoka aliisimulia kwa namna moja tu: ameketi, mguu ukikanyaga cherehani ambayo haipo.

"Nilikuwa dirishani, namalizia gauni la bibi harusi," alikuwa akianza, akimwonyesha binti yake kwa kidole. "Baba yake huyu akasimama mlangoni na sanduku. Akasema, 'Mke wangu, niambie nikae.' Nikamwambia ngoja, namalizia pindo. Kuinua macho, anatoka. Nikakimbia, lakini chumba kile kilikuwa kirefu, wanangu. Nafika mlangoni, keshapinda kona."

Na kila aliposimulia, chumba kilizidi kurefuka. Mwanzoni aliizunguka meza ya kukatia tu. Baadaye yakaongezeka majora ya vitambaa, kisha viti vya wateja, kisha mtoto aliyelala mkekani, ambaye ilibidi amruke. Mtoto huyo ni binti yake, sasa naye ni mama wa watu.

"Mama," alikuwa akimtania, "mwakani utapanda basi humo humo ndani."

Tulicheka, maana hakuna kati yetu aliyekijua chumba hicho. Walikihama binti angali mchanga.

Juzi tulisikia nyumba ile inabomolewa. Binti akataka apaone mahali mama yake aliposhindwa kumfikia baba. Shangazi akasingizia goti, akasingizia jua. Tukambembeleza mpaka akakubali.

Kilikuwa kijichumba. Binti alisimama dirishani, akanyoosha mkono, vidole vikagusa fremu ya mlango. Akabaki hivyo hivyo.

"Mama, meza ilikaa wapi?"

"Kwa jirani. Nilikuwa nakwenda kukatia kwake."

"Na mimi nililala wapi?"

"Mgongoni kwangu."

Shangazi aliketi juu ya ndoo ya rangi iliyofudikizwa. Mguu wake ukaanza kukanyaga sakafu, taratibu.

"Kwa hiyo ungeweza kumshika hata shati."

"Aliniomba mara mbili nimwambie akae," Shangazi akasema. "Nilimsikia mara zote mbili. Nilitaka anyenyekee kidogo. Pindo lilikuwa limeshakwisha, mwanangu. Nilikuwa nakanyaga bila uzi."

"Miaka yote hii, mbona hukusema?"

"Ningesimuliaje? Jambo lenyewe linakwisha kabla msikilizaji hajakaa vizuri. Nikawa naongeza kitu hapa, kitu pale, ili nami nipate mahali pa kukimbia."

Binti akaokota mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Ngoja," Shangazi akasema. Goti au si goti, akainuka, akamshika mkono binti akiwa bado kizingitini. Hakuwa amekimbia. Alikuwa amepiga hatua moja.

Kisha akageuka, akalitazama dirisha kwa muda, kama mtu aliyeambiwa bei halisi baada ya kuuza.