Idi ya Sombe kwa Mwalimu Saidi

Kuna siku moja ya Idi, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko sikukuu zote nilizokula hapa Kindu. Ulikuwa wakati wa vita. Sisi wanafunzi wa kutoka Pangi na Kampene tulikuwa tumekwama mjini, maana mto haukuvukika tena, na hatukujua nyumbani nani yu hai.

Mwalimu Saidi, aliyetufundisha hesabu, kila Idi aliwaita wanafunzi waliokuwa mbali na wazazi wao, Waislamu pamoja na sisi Wakristo. Zamani tulikula wali na nyama ya mbuzi. Mwaka ule mkewe, Mama Zaina, alikuwa na bugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, isiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ilikuwa imekwisha mjini. Hata hivyo alivaa kikwembe chake kizuri, akatupokea mlangoni kama wageni wa arusi.

Nilipoketi mkekani, nikamwona mwanafunzi mwenzetu Ramazani mbele yangu. Kaka yake alikuwa mmoja wa wale wenye bunduki waliomchukua baba yangu kabla njia hazijafungwa. Nikasimama.

"Mwalimu, miye siwezi kula na huyu."

Nikatoka, nikaenda kuketi nyuma ya nyumba, karibu na kinu. Nilidhani Mwalimu atakuja kunigombeza, maana alikuwa mtu mkali. Akaja na sahani, akaketi chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe ya Idi.

"Kula na yeye, sikulazimishi," akasema. "Lakini kula peke yako siku ya leo, hapana. Tule wawili."

Tukala. Kisha akaniambia polepole, "Ramazani naye hajagusa kitu. Iko analia mule ndani. Kaka yake hakumuomba ruhusa, unajua."

Sikurudi ndani siku ile, nisikudanganye. Lakini nilibakisha bugali na sombe kwenye sahani, nikamwambia Mwalimu, "Mumupelekee."

Baba hajarudi mpaka leo. Njia zilipofunguka, Ramazani ndiye aliyefuatana nami hadi Pangi kumtafuta, akiuliza kijiji kwa kijiji, huku watu wakimtukana kwa ajili ya kaka yake. Hakugeuka nyuma. Leo yeye ni muuguzi, nami nafundisha hapa Alunguli, mtaa wa Kindu ng'ambo ya mto. Kila sikukuu nikiita wanafunzi wangu, mchele huleta yeye.

Basi, mwanangu, ukipata nyumba, ita watu hata kama sufuria ni ndogo. Usingoje amani itimie ndipo upike. Na aliyeumizwa akikataa kuketi na wenzake, usimvute kwa nguvu, wala usimwache. Mpelekee chakula pale alipo, ukae naye mpaka ashibe.

Mungu akupe nyumba isiyokosa wageni, na wote unaowangoja wafike salama.