Mizani Mbili na Figo ya Mdogo Wangu

Figo ninayotembea nayo ni ya mdogo wangu. Alinipa miaka sita iliyopita, na tangu hapo nameza dawa asubuhi na jioni ili mwili wangu usiifukuze. Kila baada ya muda damu hupimwa kuona dawa ni kiasi gani. Ikipungua, mwili unaikataa figo. Ikizidi, dawa yenyewe inaiharibu.

Miaka yote damu yangu ilipelekwa Nairobi. Mwaka jana maabara moja hapa mjini ikaanza kupima, nami nikafurahi kuepuka safari. Majibu yakatoka kumi. Nilikuwa nimezoea saba. Aliyenihudumia kliniki siku hiyo alisema dawa imezidi, akaipunguza, nikarudi Roret kuchuma chai yangu.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mapema. Baada ya wiki tano miguu ilivimba, viatu vikanikataa. Daktari wangu aliuliza kwanza damu ilipimwa wapi. Akanieleza polepole kwamba mashine ya Nairobi huhesabu dawa yenyewe tu, na ile ya mjini huhesabu pia mabaki ya dawa ambayo mwili umeshaivunja, kwa hiyo namba yake hupanda. Hakuna iliyodanganya. Saba ya Nairobi na kumi ya mjini zilikuwa kiasi kilekile, nasi tukapunguza dawa ambayo haikuwa imezidi.

Niliona aibu kali. Mimi ndiye yule mama wa kituo cha kupimia majani ya chai ambaye karani hatundiki gunia langu kabla sijaona mizani inasoma sufuri. Wenzangu kwenye foleni huguna. Nikisikia kiwanda kimepata kilo tofauti na za kituo, nauliza mizani gani ilisema nini, na siondoki bila jibu.

Mdogo wangu alikuja kutoka Sigowet na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilimweleza yote, sikuficha. Aliweka mkono ubavuni pale alipopasuliwa.

"Dada, kwa majani unapigana na karani juu ya kilo moja," akasema. "Kwa figo yangu hukuuliza hata mizani ni gani?"

Dawa ilirudishwa, uvimbe ukaisha. Nguvu ya figo haikurudi ilipokuwa, na daktari hanifichi. Sasa kwenye kadi yangu naandika kando ya kila namba imepimwa wapi. Mdogo wangu akija huomba kuiona kadi kabla hajagusa chai, nami humpa bila kumtazama usoni.