Ovaroli Zilizozibwa Miguu

Kila asubuhi, kabla ya kazi kuanza, Dada Keneuoe alipitisha kipande cha kitambaa chini ya sindano, akautazama mshono wake kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakitia mfukoni. Hakuanza kazi bila hivyo, hata siku za barafu, vidole vyetu vikiwa havikunjiki na kiwanda kizima kinanuka moshi wa mafuta ya taa uliotoka kwenye mablanketi tuliyojifunga. Kazi yake ilikuwa kushona pindo za suruali. Sisi wakata nyuzi tuliokaa nyuma yake hatukupata shida na nguo zake, maana hakuacha uzi unaoning'inia.

Mumewe, Mokhele, alivuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu kwenye mgodi uliofungwa zamani, pamoja na wale wanaoshuka kwa kamba bila ruhusa. Wenzake walipanda wakasema huko chini pameporomoka. Mwili haukuletwa. Mama mkwe akasema nyumbani kwake havai mtu nguo nyeusi kwa ajili ya mtu ambaye hajazikwa. Basi hakukuwa na kilio, wala kunyoa nywele, wala kuchinja ng'ombe wa msiba. Jumatatu Keneuoe akaja kazini, akasalimia watu kama kawaida. Sasa ulikuwa umepita mwaka na zaidi.

Mambo yaliharibika ilipoingia oda ya ovaroli za wachimba madini, za buluu, zenye mikanda inayong'aa gizani. Mikono yake ikawa mizito. Nguo zikarundikana mbele yake mpaka laini nzima ya mashine ikasimama kumngoja.

"Dada, umelala macho wazi?" Moliehi, yule mshona zipu, akamwambia. "Wengine tuna watoto wanaokula."

"Wangu wanakula mawe," Keneuoe akajibu, watu wakacheka. Alikuwa nao wawili, na mwingine wa kuwalisha hakuwepo.

Mama Nthabeleng, msimamizi wetu, alimwonya mara mbili, ya pili mbele ya meneja. Kosa la tatu ni kufukuzwa. Hilo tulilijua wote.

Alhamisi mkaguzi alirudisha rundo la ovaroli. Pindo hazikuwa pindo. Kila mguu ulikuwa umeshonwa chini ukazibwa, kwa mshono ulionyooka, mzuri, wa Keneuoe kabisa. Huwezi kuvaa ukatoa unyayo.

"Hizi ni za samaki?" akauliza Moliehi. Safari hii hakucheka mtu.

Mama Nthabeleng akamwekea moja mapajani. "Mwanangu, hii nini?"

"Sikuona."

"Rundo lote hili hukuona?"

"Nilikuwa nashona, Mama. Nilijua nashona vizuri."

Msimamizi akavuta kiti, akashusha sauti, ila mashine za karibu zilikuwa zimeshanyamaza. "Meneja hajaziona. Fumua, na mimi sitasema. Lakini nisikilize. Hapa wanatoa siku za msiba. Niambie tu kwamba Mokhele amekufa, nikakuombee."

"Mama yake anasema..."

"Sikumuuliza mama yake. Nakuuliza wewe."

Keneuoe akachukua wembe, akafumua mguu mmoja. Akapitisha mkono ndani mpaka vidole vikatokea upande wa pili, akaviangalia.

"Alikuwa mrefu," akasema. "Hizi zingekuwa fupi kwake."

Mama Nthabeleng akasogeza kiti karibu zaidi.

"Amekufa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa saa. "Mokhele amekufa, Mama, na mimi nimekuja kazini. Kila siku nakuja kazini."

Moliehi akazima mashine yake, akaja, akamtoa wembe mkononi taratibu. "Nenda, dada. Nitazimaliza mimi."

"Ngoja kwanza niandike kibali," akasema Mama Nthabeleng. "Ukitoka bila kibali wataandika umetoroka, na kazi imekwisha."

"Waandike."

Akajifunga blanketi lake. Mlinzi wa getini alimnyooshea mkono kudai karatasi, yeye akampita kama anapita nguzo. Mama Nthabeleng alikuwa bado anatafuta kalamu. Kutoka dirishani tulimwona akivuka barabara, akaingia duka la vitambaa, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa ameshika kitambaa cheusi, hata hakikufungwa, na njiani alikuwa analia kwa sauti, watu wanampisha. Akashika njia ya stendi, ya magari yaendayo milimani kwa mama mkwe.

Kiwandani hakurudi.