Sarafu za Kaizari Ndani ya Beseni

Nilipokuwa mtoto kule Nyakasimbi, miaka ya themanini, bibi yangu mzaa baba alikuwa na ugonjwa wa kukusanya sarafu za Wafaransa. Zilikuwa za fedha tupu, kubwa na nzito, upande mmoja kichwa cha kaizari wao mwenye ndevu zilizochongoka, upande wa pili tai. Ya kwanza aliachiwa na baba yake, aliyewabebea mizigo mapadri wa Kifaransa kabla familia haijavuka kutoka Rwanda. Nyingine alizitafuta mwenyewe. Akisikia kuna mtu anayo hata Bugomora, anatuma mkungu wa ndizi kwenda kubadilishana.

"Mama, huyu mzungu wako atatumalizia ndizi," baba alimtania.

Bibi hakujali. Aliamini fedha humlinda mtoto mchanga: hukaa ndani ya beseni la kuogea mpaka kitovu kikatike, na ikitolewa kabla, mtoto huondoka nayo. Kwetu hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Mama alikuwa amezika vichanga wawili nyuma ya migomba. Alipojifungua mdogo wangu, sarafu zote ziliingia majini, nami niliogopa hata kulipita lile beseni.

Kitovu kilikuwa bado kibichi alipofika mwanamume mmoja kutoka Murongo, mnunuzi wa sarafu za kale. Enzi hizo watu waliamini sarafu yenye nguvu huvuta mchele, naye alitembea na mchele wake ndani ya leso.

"Shikamoo, bibi. Nasikia unazo."

Bibi alipenda mno kuonyesha mali yake. Akaopoa moja, akampa bila hata kuifuta. Mgeni akaigusisha mchele, akainyanyua. Punje zikapanda nayo! Niliziona kwa macho yangu, zimemganda kaizari usoni, mwili ukanisisimka. Mgeni mwenyewe alirudi nyuma.

"Hii ina wenyewe," alinong'ona. "Nipeni zote leo, niwaezekee nyumba nzima bati."

Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, ikivuja mpaka kitandani. Baba alisimama.

"Mama," alisema polepole, "bati."

Bibi akainua macho kutazama paa. Hata yeye alianza kulegea, nilimwona. Ndipo mama akatoka chumbani, mtoto kifuani. Mkwe wa kwetu hakupaza sauti mbele ya mama mkwe na mgeni, lakini siku ile alipaza.

"Baba Anjela," alimwita baba kwa jina langu, "wawili wanatosha. Irudishe majini."

Mgeni akakunja leso yake. Baba alichukua sarafu mkononi mwa mgeni, akaitumbukiza kwenye beseni. Kisha akabeba ndoo, akateremka chemchemini kuchota maji mapya. Mwanamume mwenye mke na binti nyumbani! Majirani walisimama kumtazama, naye akaendelea hivyo kila siku mpaka kitovu kikakatika.

Mdogo wangu alikua, leo ana watoto wake. Bati tulikuja kuezeka baadaye sana, kwa kahawa.

Ukubwani nilichovya kifungo cha shati majini, nikakigusisha mchele. Punje zikapanda vilevile. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha. Ya mchele nimeyaelewa. Lakini nikimkumbuka baba akipanda kile kilima, ndoo kichwani, watu wakimtazama, mwili hunisisimka hadi leo.