Msolo Usiosogea

Mwaka ule wa arobaini na nane, pori la Nachingwea lilipokuwa likifyekwa kwa ajili ya mashamba ya karanga, Amri bin Mikidadi alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya wapimaji. Kijana wa darasa la sita, mkono wake safi, na kujiamini kwake kumezidi kimo chake.

Siku moja bwana mpimaji akampa ramani ndogo aikuze. "Chagua kitovu," akasema, "pahali pa kuanzia kuhesabu."

Amri akachagua msolo wa ukoo wao, njia ya Ruangwa, ule mti ambao baba yake hutandaza unga shinani akiwaomba wazee waliozikwa hapo. Akauandika sifuri, sifuri. Kwenye ramani ndogo kambi ya wapimaji ilikuwa miraba miwili kulia na mitatu juu. Kwenye karatasi kubwa bwana alikwisha kuiweka kumi kulia, kumi na tano juu. Kumi ukigawa kwa mbili, tano. Kumi na tano ukigawa kwa tatu, tano. Basi kila kitu mara tano: kijito, njia, mpaka wa shamba, vyote vikasogea. Sifuri mara tano ni sifuri ileile, na msolo ukabaki palepale.

Furaha ikamjaa. Mti wa kupimia, nani aukate?

Nyumbani alimkuta Mzee Mikidadi amekwisha kuwaita ndugu wawaage wazee, wachote udongo wa makaburi waupeleke bonde la Mbwemkuru. Ukoo wao ulihama hivyo tangu zamani.

"Baba, waambie warudi. Kila kitu kitasogea ila msolo."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimechora mwenyewe."

Ndugu wakarudi makwao.

Maskini Amri! Wino ukishakauka, kitovu kina kazi gani tena? Matingatinga yalikuja kabla ya mvua, yakapita yakiburuta mnyororo, msolo ukalala chini na miti mingine. Makaburi yakalimwa. Udongo wote ukawa mmoja, hata ndugu waliporudi mbio hawakujua wachote upi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mzee hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alikaa na bakuli la unga mapajani.

"Kwenye karatasi yako, msolo bado upo?"

"Upo, baba."

"Palepale?"

"Palepale."

Mzee akamsukumia bakuli. "Basi nenda ukawatandazie wazee huko."