Sisi Hatununui Vijiko

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kabuga, titulaire, yaani mkuu wa kituo cha afya, alinikabidhi mizani ya watoto akaniambia, "Dada, maziwa ya mtoto ni ya mama yake. Haya ya kopo ni ya mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake hawezi kabisa kunyonyesha. Ukiyagawa ovyo tutakosana." Nilishika neno hilo. Wenzangu walinicheka kwamba nalinda makopo utadhani ni mahari yangu.

Nilipohamishiwa mjini ndipo nilipokutana na wauzaji wa maziwa ya kopo. Ninyi mnaoanza kazi ya lishe mtawaona. Kila zabuni ya serikali ilipokaribia, kampuni mbili zilituandama. Huyu analeta kofia, yule mwavuli; huyu bango la mtoto mnene, yule bango la mtoto mnene zaidi. Mama mwenye maziwa tele akilitazama lile bango, anaanza kulitilia shaka titi lake. Nikiwafukuza wanatabasamu, wananiachia kalenda. Walinichosha mpaka basi.

Lakini kilichonimaliza ni kijiko. Ndani ya kila kopo kuna kijiko cha plastiki cha kupimia unga, na kila kampuni ina ukubwa wake. Cha kampuni ya kwanza kilikuwa kikubwa, kwa hiyo tulifundisha kijiko kimoja kwa kikombe cha kahawa cha maji yaliyochemshwa. Zabuni ikahamia kwa mpinzani wake, ambaye kijiko chake ni nusu ya kile. Maelezo yalikuwepo kwenye kopo, kwa herufi za sisimizi. Walezi wakaendelea na kimoja.

Bi Mwajuma, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, alikuwa analea mjukuu wake Saidi. Binti yake alifariki akimzaa. Siku moja aliniletea mtoto amelegea, ngozi inaning'inia mikononi.

"Muganga," akaniita, kama wanavyotuita sote wahudumu wa afya, "anamaliza chupa yote na bado analia. Huyu ndiye niliyebakiziwa."

Nikamwambia anionyeshe anavyochanganya. Akanawa mikono vizuri, akajaza kijiko, akakisawazisha, akatia kimoja. Alikuwa anamnywesha maji meupe. Nilitamani kupiga ukuta.

Tulimkimbiza Saidi hospitali. Nami nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa ununuzi, nikamwambia kwenye zabuni waandike kipimo kimoja cha kijiko, ashinde atakayeshinda.

"Dada, sisi tunanunua maziwa," akasema. "Hatununui vijiko."

"Na mtoto akinyweshwa maji matupu?"

"Tukiweka sharti hilo, mmojawapo atalalamika kwamba tumempendelea mwenzake."

Akaendelea na chai yake. Niliirudia safari hiyo kila zabuni ilipotangazwa, mpaka walinzi wa getini wakawa wananiita Mama Kijiko.

Saidi alipona, polepole sana. Mwaka jana nikastaafu, nikapewa kitenge na hotuba, na kampuni zote mbili zikagombania kupiga picha nami. Nilikataa zote.

Juzi Bi Mwajuma alikuja kwangu na jirani yake aliyefiwa na dada. Jirani amebeba kichanga cha marehemu na kopo jipya kutoka kituoni, maana zabuni imehama tena. Nikalifungua nikaingiza vidole kwenye unga, nikatafuta mpaka chini. Safari hii hawakuweka kijiko kabisa.

"Sasa tupimie nini, Muganga?" akauliza Bi Mwajuma.

Mtoto alikuwa analia kwa njaa. Nikavaa miwani, nikaanza kuzisoma zile herufi za sisimizi kwenye kopo.